Habari kamili ya mimi na benchi la ukweni

Naona rafiki yangu ameshawatangazia kwamba niliangushwa na malaika wa Sabato. Malaika hakuwepo. Palikuwa na benchi, shemeji mwenye mwili wake, na makande.

Mnajua nimeoa Upareni, kwa Wasabato, na mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Jumamosi tukaitwa chakula cha mchana. Makande yalipikwa Ijumaa, siku ya maandalio, yakapashwa tu, na bado yalikuwa matamu kuliko ya nyumbani kwangu (mke wangu asifike hapa). Ningekula nikanyamaza. Lakini shemeji akanianza na Konstantino: eti mfalme wa Roma ndiye aliyeamuru watu wapumzike Jumapili, mwaka 321, na sisi tunafuata mkumbo. Mbele ya mama mkwe!

Nikamtandika Matendo 20:7. Siku ya kwanza ya juma, wamekutana kumega mkate, Paulo anahubiri. Unataka nini tena?

Akatabasamu. "Shemeji, soma na wa nane. Taa nyingi za nini kama si usiku? Na siku ya Biblia huanza jua likizama. Hiyo ilikuwa Jumamosi usiku."

Mama mkwe akaguna kukubali. Damu ikanichemka. "Lete Biblia hapa, tusome mpaka kwa Eutiko, yule kijana aliyesinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka dirishani!"

Sasa hapa twende polepole. Benchi lile miguu yake imeingia ndani, na mimi nimekaa nchani kabisa. Nyuma yangu pana beseni la maji ya kunawia. Shemeji, upande wa pili, kumbe ndiye nanga yetu. Akainuka kufuata Biblia.

Nikahisi nashuka, tena kwa adabu. Ncha ya shemeji ikaanza kupanda. Mkono wa kulia una sahani. Wa kushoto bado umenyoosha kidole cha hoja. Nikajiuliza niokoe sahani au heshima. Sahani ikaamua yenyewe: ikapaa, ikageuka, makande yakanimwagikia kifuani, maharage yakitangulia, mahindi yakifuata. Ndipo makalio yakatua beseni. Chwaa! Halafu kraaa! Msiulize ya pili ilikuwa nini. Ilikuwa suruali.

Kimya. Mama mkwe, ambaye hata kukohoa mbele yake huwa naomba radhi, akasema taratibu: "Rudisha tu hiyo Biblia, mwanangu. Eutiko tumeshamwona."

Mengine ni mafupi. Nikafungwa kanga, nikarudi na suruali ya baba mkwe inayoishia kwenye ugoko, mke hajamaliza kucheka hadi sasa. Shemeji hata pole hakutuma. Katuma Walawi 23:32, ule mstari wa kushika sabato toka jioni hata jioni.

Sawa. Mimi ninayo Wakolosai 2:16, tusihukumiane kwa vyakula wala kwa sabato, vyote viwili mstari mmoja. Anisubiri Jumamosi ijayo. Ila nitamjibu nimesimama.