Miezi 18 bila mshahara

Ukimtajia mtu Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kama anakijua, atakupeleka moja kwa moja hadi Ngome ya Wagner. Simlaumu. Jioni ya Julai 18, 1863, askari weusi wapatao 600 wa kikosi hicho cha kujitolea waliongoza mashambulizi ya jeshi la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, dhidi ya ngome hiyo ya jeshi la Kusini kwenye kisiwa cha Morris, karibu na Charleston, South Carolina. Ufukwe ulikuwa mwembamba, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili. Mizinga ilikuwa imeitwanga ngome mchana kutwa, lakini kuta zake zilikuwa za mchanga, na mchanga humeza mabomu. Waliokuwa ndani walitulia mashimoni mwao hadi wakasikia vishindo vya miguu.

Kanali Robert Gould Shaw, kamanda mzungu wa miaka 25, alifia juu ya ukuta. Zaidi ya askari wake 250 waliuawa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Sajini William Carney alirudi akitokwa damu, bendera kaikumbatia, akawaambia wenzake kwamba haikugusa ardhi. Ngome haikuanguka usiku ule.

Wasimulizi wengi hufunga hadithi hapo. Kwangu mimi ndiyo kwanza inaanza kunoga, na kinachoinogesha hakina harufu ya baruti hata kidogo. Ni mshahara.

Mwanzoni mwa 1863, wakati Gavana John Andrew wa Massachusetts alipokuwa akiwaandikisha, ahadi ilikuwa wazi: dola 13 kwa mwezi, sawa na askari mwingine yeyote. Watu wakaitikia kutoka majimbo mengi, wakiwemo Lewis na Charles, wana wawili wa Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyewahi kuwa mtumwa. Wengi hawakuwahi kuwa watumwa. Walikuwa wakulima, vinyozi, mabaharia, watu wenye nyumba na wake wa kuwatunza. Wakafunzwa Readville nje kidogo ya Boston, na Mei 28 wakapanda meli kwenda Kusini.

Mlipaji alipokuja, alikuja na dola 10, na humo 3 zilikatwa kwa ajili ya nguo. Mkononi zinabaki 7. Askari mzungu alipewa sare bila kukatwa hivyo. Serikali ilijitetea kwa sheria ya 1862, iliyotungwa na watu waliomwona mtu mweusi kama mchimba mitaro na mbeba mizigo wa jeshi. Cheo nacho hakikusaidia kitu: Lewis Douglass alikuwa sajini meja, na alihesabiwa pungufu ya mzungu aliyejiunga jana asiyejua hata kushika bunduki.

Wakakataa. Hawakupokea hata senti.

Massachusetts ikaona aibu, ikapitisha sheria ya kuwajazia pengo kutoka hazina ya jimbo. Ukifikiria kwa tumbo, hiyo ilikuwa habari njema: mtu anapata dola 13 zake kamili, nani ajali zimetoka mfuko gani? Wakakataa tena. Walisema aliyewaajiri ni serikali ya Marekani, basi yeye ndiye awalipe. Sehemu hii nimeirudia mara nyingi, kwa sababu najijua. Zamani niliwahi kuwa saidia fundi kwenye jengo moja. Tulikubaliana elfu kumi na tano kwa siku, Jumamosi tukapewa elfu kumi na maneno matamu juu yake. Nilipokea. Nikaweka na sahihi. Na mimi sikuwa na mke anayeniandikia barua kwamba watoto wanalala njaa, kama walivyoandikiwa wale.

Septemba 28, 1863, Koplo James Henry Gooding, aliyewahi kuwa baharia wa meli za kuwinda nyangumi, alimwandikia Rais Lincoln barua. Swali lake lilikuwa fupi: sisi ni askari, au ni vibarua? Kiswahili kinalikoleza swali hilo. Kibarua kilikuwa kile kikaratasi cha kazi ya siku; jua likizama, wewe na mwajiri hamjuani. Gooding alikuwa ameshawaona wenzake wakianguka pale Wagner, na bado anauliza yuko upande gani wa daftari.

Tusidhani kukataa kulikuwa mchezo. Katika kikosi kingine cha weusi, cha tatu cha South Carolina, Sajini William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mbele ya hema la kamanda, akisema mkataba umevunjwa. Februari 29, 1864, alipigwa risasi kwa kosa la uasi. Gavana Andrew alilalamika kwamba serikali iliyokosa sheria ya kumlipa kama askari haikukosa sheria ya kumuua kama askari. Sijaona aliyeisema vizuri zaidi.

Wa 54 walichagua njia nyingine: waliendelea kupigana bila kulipwa. Siku tisa kabla ya kifo cha Walker, huko Olustee, Florida, waliingia vitani wakipiga kelele, "Massachusetts na dola saba kwa mwezi!" Jeshi lao lilishindwa, wao wakabaki nyuma kulinda waliokimbia. Treni iliyojaa majeruhi ikaharibika njiani. Wakaifunga kamba, wakaivuta kwa mikono.

Bunge lilikubali Juni 1864, likaacha mwiba: malipo ya nyuma kamili, tangu siku ya kujiunga, yangekwenda kwa waliokuwa tayari huru Aprili 19, 1861, siku za mwanzo wa vita. Kikosini walikuwemo waliotoroka utumwa. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo. Kila askari aliapa kwamba hadi siku hiyo hakuwa akidaiwa na mtu yeyote kazi isiyo na malipo. Hakimu wa Kusini angebisha. Mbele ya Mungu, hakuna mtumwa aliyekuwa na deni hilo. Wakaapa bila kudanganya. Kwangu mimi kiapo kile kina akili kuliko sheria nzima iliyokizaa.

Boston walimjengea Shaw sanamu mwaka 1897, yuko juu ya farasi, askari wanatembea pembeni yake. Majina ya askari weusi waliokufa yalikuja kuchongwa katika miaka ya 1980.

Pesa zilifika mwishoni mwa Septemba 1864, mwaka mmoja baada ya ile barua. Gooding hakuwepo foleni. Alitekwa Olustee, na Julai alifia katika gereza la Andersonville, Georgia.