Mwalimu yuko likizo, halmashauri haiko

Shule nyingi za England hufungwa kwa wiki sita hivi, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, ingawa Leicester hutangulia kidogo kufunga na kufungua. Kila Agosti huzuka ubishi uleule: je, mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu anaruhusiwa kumwandikia mwalimu, au yule mratibu wa mahitaji maalumu ambaye kule huitwa Senko, wakati geti limefungwa? Jibu la wengi huja upesi, hasa kwa wasiokuwa na mtoto wa namna hiyo. Mwache mwalimu apumzike, wanasema, ungeuliza kabla ya likizo.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Masharti ya kitaifa ya kazi ya ualimu yanahesabu siku 195 kwa mwaka, 190 kati yake zikiwa za kufundisha, na saa 1,265 ambazo mkuu wa shule anaweza kumpangia mwalimu. Kusahihisha na kuandaa masomo mara nyingi huvuka saa hizo. Senko wa shule ndogo ya msingi mara nyingi ana darasa lake pia, na majukumu ya uratibu huyafanya katika nafasi anayoibana hapa na pale. Kisha kuna simu ya mkononi. Ujumbe wa mzazi mwenye hofu ukiingia saa tatu usiku, hata usipojibiwa, anayeusoma analala nao. Walimu wanaoacha kazi hiyo hawatoki kwa sababu ya barua pepe moja, lakini nyingi zikijumlishwa zinachosha.

Hata hivyo, wanaosema hivyo humwazia mzazi mmoja tu: yule mlalamishi, anayetaka kujibiwa kesho. Mzazi ninayemfahamu mimi miongoni mwa Waswahili walioko Uingereza ana tatizo la kinyume chake. Anaandika kidogo mno, tena kwa kuchelewa mno. Ametoka mahali ambapo mwalimu akiwa likizo bado unakutana naye sokoni au msikitini, unamsalimia, unauliza hali ya nyumbani, na kabla hamjaagana umeshamgusia habari za kijana. Hakuna anayeona hapo pametokea usumbufu. Akifika Reading au Birmingham anakuta jibu la mashine linalosema barua zitasomwa Septemba, na adabu aliyolelewa nayo inamwambia anyamaze.

Kunyamaza huko kuna gharama, na inahesabika. Chini ya sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, ombi la kumpima mtoto kwa ajili ya mpango wa msaada, ule ambao wazazi wote huuita EHCP, likishaifikia halmashauri, kuna wiki 6 za kuamua kama mtoto atapimwa, na wiki 20 kwa jumla hadi mpango wa mwisho utolewe. Mzazi akipokea ripoti ya mwisho wa mwaka Julai, akaona mtoto bado hasomi, kisha akasema "nitamwona Senko shule zikifunguliwa", amengoja wiki 6. Ni muda uleule ambao sheria inaipa halmashauri kwa uamuzi wake wa kwanza. Hatua nzima imepita bila mtu yeyote kuamua lolote.

Tuendelee kuhesabu. Ombi lililotumwa tarehe 25 Julai, wiki 20 zake zinaishia Desemba 12. Likitumwa Septemba 15, baada ya Senko kupata nafasi ya kukutana na mzazi, zinaishia Februari 2. Kwa mtoto aliye mwaka wa mwisho wa shule ya msingi tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa Februari 15 ndiyo siku ambayo halmashauri inapaswa iwe imeshataja shule ya sekondari katika mipango ya watoto wanaohama. Na hapo tunadhani kwamba halmashauri itatimiza muda. Takwimu za serikali zinasema mwaka 2024 ni asilimia 46.4 tu ya mipango mipya iliyotolewa ndani ya wiki 20. Mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 50.3. Mipango mingi kuliko nusu, basi, huchelewa hata pale mzazi alipowahi. Katika foleni ya namna hiyo, kumshauri mzazi asubiri kwanza ndipo ajiunge ni ushauri mbaya, hata ukitolewa kwa upole.

Kuna kitu ambacho watetezi wa likizo wangeweza kukitumia, na nashangaa hawakitumii. Kanuni za 2014 zinazofuatana na sheria hiyo zinakiri kwamba shule hufungwa. Halmashauri ikiomba maelezo ya mkuu wa shule katika kipindi kinachoanzia wiki moja kabla ya kufunga hadi wiki moja kabla ya kufungua, na shule ikawa imefungwa kwa wiki 4 au zaidi mfululizo, halmashauri inaweza kusamehewa kupitisha muda pale ambapo kuutimiza hakuwezekani. Ile Desemba 12 yangu inaweza kusogea, basi. Baraza la rufaa, ambako mzazi hupinga uamuzi wa halmashauri, nalo lina kanuni kama hiyo: muda wa kukata rufaa ukiishia siku yoyote ya Agosti, rufaa iliyowasilishwa siku ya kwanza ya kazi baada ya Agosti 31 bado imewahi.

Kwangu mimi kanuni hizi zinaunga mkono upande wa mzazi kuliko zinavyoupinga. Waliozitunga walikubali kwamba Agosti haifanani na miezi mingine, kisha wakaandika ni nani atasubiri, kwa jambo gani, na hadi lini. Zile kanuni za adabu zisizoandikwa hazigawi kusubiri hivyo. Zinamtwika mzazi mzigo wote, na hazimwambii kuwa ofisi ya halmashauri inayoshughulikia mipango hii haifungwi kwa sababu shule zimefungwa.

Hapo ndipo wazazi wetu wengi wanapopotea. Ombi la kupimwa si lazima lipitie shuleni. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinampa mzazi haki ya kuiandikia halmashauri mwenyewe, bila kibali cha Senko, na bila kulazimika kutumia fomu maalumu. Barua ya kawaida yenye tarehe inatosha. Sehemu kubwa ya maswali yanayorundikwa kwa walimu Agosti ingeelekezwa huko, walimu wangepumzika, na mtoto asingepoteza kitu. Halmashauri inatakiwa pia iwe na huduma ya ushauri kwa wazazi isiyoegemea upande wowote, nayo ni ya bure.

Yapo mambo ambayo shule pekee ndiyo inayoweza kuyajibu. Mtoto mwenye usonji anayeanza shule mpya anahitaji kuona picha ya darasa lake na kujua atakula wapi. Shule nyingi hufanya maandalizi hayo Juni na Julai. Sasa chukua familia ya muuguzi kutoka Kenya, nchi iliyosaini makubaliano ya wafanyakazi wa afya na Uingereza Julai 2021. Wameshuka ndege Agosti, mkononi wana ripoti ya EARC, kituo cha Kenya cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambayo haiilazimishi shule ya England lakini ni ushahidi mzuri. Ukiwaambia wangeuliza kabla ya likizo, kabla ya likizo walikuwa Eldoret.

Familia hiyo iandike, na barua iende kwenye anwani ya ofisi ya shule, ikisema waziwazi kwamba jibu halitarajiwi kabla ya walimu kurudi kazini. Haki ya mzazi kutuma na haki ya mwalimu kutofungua zinaweza kuishi pamoja, na shule inaweza kurahisisha mambo kwa kutaja Julai ni nani, kama yupo, atakayepitia sanduku hilo katika wiki ya mwisho ya Agosti. Kumpigia mwalimu kwenye namba yake binafsi, au kumfuata Facebook, ni jambo jingine, na hapo nasimama na walimu bila masharti.

Nasimama zaidi na msaidizi wa darasa. Yeye ndiye anayekaa na mtoto siku nzima, anajua sauti gani inamtisha na neno gani linamtuliza, na mara nyingi mkataba wake ni wa wiki za masomo tu. Ndiye ambaye mzazi angetamani kuliko wote kumuuliza, na ndiye ambaye hapaswi kabisa kuulizwa Agosti. Anayoyajua angeyaandika kwenye karatasi moja kabla ya kufunga, katika saa ambazo shule inamlipa, nakala moja ikapewa mzazi na nyingine mwalimu wa mwaka unaofuata.