Kiwanja cha Gigabaiti 465

Kompyuta niliinunua Kariakoo mwaka 2019, mtumba wa mezani, Windows 10, diski ya gigabaiti 500. Nimefika nayo Tabata, nikaichomeka, nikafungua nione mali yangu. Inasema 465.

"Baba Zai, umepunjwa," mke wangu akasema, hata hajakaa.

Nikamweleza kwamba kiwandani gigabaiti moja ni baiti bilioni moja kamili, lakini Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo 500 za kiwandani zikipimwa kwa kipimo cha Windows zinakuja 465. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesubiri mwongo amalize.

"Kama sukari ya dukani tu. Kwao kilo, kwetu robo tatu."

Nikaliacha hilo, maana nilikuwa na jambo kubwa zaidi. Diski yote ilikuwa sehemu moja tu, ile Windows inayoiita C, na kila anayejua kompyuta alishaniambia: usirundike vitu vyote C, siku Windows ikifa inazikwa na picha zako. Nikaamua kuigawa. Hadi hapo sina kosa. Kosa ni kwamba nilitangaza wakati wa kula, tena kwa maneno haya: "Jamani, kesho nataka kugawa."

Mjomba alikuwa amekuja kutoka Muheza kupima macho. Yule mzee amekaa baraza la ardhi miaka mingi, na neno kugawa kwake lina maana moja tu. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Unagawa nini, na mwenyewe bado uko hai?"

Ndivyo diski yangu ilivyopata kikao. Mke wangu alisimamia picha za familia na video ya harusi yetu, akapewa D, gigabaiti 200, bila mjadala. Shemeji, mdogo wake, ambaye alikuja kwetu kwa wiki mbili za kutafuta kazi na sasa ana mwaka wa tatu, aliomba 150 za muvi zake. Ikawa E. Watoto wakapata F, 55 za gemu. Mimi mwenye nyumba nikabaki na C, 60, pamoja na Windows yenyewe. Sikuona shida. Nilishasoma kwamba Windows 10 ilipotoka ilitaka 20 tu, basi 60 si ufalme?

Zai, miaka tisa, akauliza, "Baba, mbona inaanzia C? A na B wako wapi?"

Nikamwambia hizo zilikuwa herufi za diski laini za zamani, zile bapa za plastiki, siku hizi hazipo tena.

"Marehemu hao," Mjomba akadakia, "waliacha watoto?"

Kisha akataka ramani. Nikamchorea nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: mstatili mrefu, kushoto C, halafu D, E, F. Akaiweka mbali na uso, akaisogeza, akaiweka mbali tena.

"Huyu C, mkono wa kulia amepakana na nani?"

"D."

"Na kushoto?"

"Kushoto ndio mwisho wa diski, Mjomba."

"Basi C hana njia. Kesho akipata wageni akataka kuongeza chumba, atapitia wapi? Lazima wahame majirani. Hii kesi naijua, niliisikiliza kule kwetu, watu walitoleana mapanga."

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia Mjomba hii ni kompyuta, si shamba la minazi. Shemeji naye akacheka, ingawa yeye hucheka tu ninapocheka mimi, hasa tarehe za mwisho wa mwezi.

Kugawa kwenyewe kulichukua dakika chache. Programu ya kazi hiyo imo humo humo ndani ya Windows: unaipunguza C, mahali palipoachwa wazi unapakata vipande. Nilijisikia kama waziri wa ardhi.

Miezi minane baadaye, mstari wa C ukawa mwekundu. Zimebaki megabaiti mia tatu na kitu. Nikaanza upelelezi. Windows ilikuwa inajisasisha na kunenepa kimya kimya, sawa. Lakini mhalifu mkuu alikuwa mama mwenye nyumba. Ana gigabaiti 200 zake kule D, na bado kila kitu anakitupa kwenye desktopu: video za vikoba, mapishi, mahubiri, kitchen party tatu nzima. Desktopu inakaa ndani ya C.

"Mama Zai, si una D yako?"

"D siioni. Hapa napaona."

Jibu lake lilinyooka kuliko yangu yote.

Nikafanya nilichodhani ni ujanja. D ilikuwa na nafasi, nikaimega gigabaiti 80 niipe C. Ikamegeka vizuri, ila kile kipande kikaangukia kulia kwa D, upande wa E. Nikaenda kwa C kubonyeza kupanua, kitufe kimefifia, rangi ya majivu, hakibonyezeki. Windows inataka nafasi inayogusana na C ubavu kwa ubavu. Katikati amelala D.

Nikaitazama ile picha ya mistatili. Nikaikumbuka kalenda.

Zipo programu za kuhamisha. Zinamsukuma D kulia, nafasi inakuja kushoto, C anapanuliwa. Ila kumsukuma maana yake ni kunakili kila kilichomo kutoka mahali kilipo hadi mahali papya, na diski ya kuzunguka haina haraka na mtu. Jumamosi saa moja usiku nikaanza. Ikaandika: saa tano zimebaki, usizime kompyuta.

Sasa, tangu mchana mita ya Luku ilikuwa inalia. Pii. Pii. Nilidhani ni simu ya mtoto. Mke wangu aliniambia asubuhi zimebaki uniti nne, nikamjibu zitatosha. Na zingetosha kweli, kama Shemeji asingeamua, usiku ule, kupiga pasi mashati sita kwa ajili ya usaili wa Jumatatu. Mwaka wa tatu, usaili wa kwanza, na D amesukumwa asilimia 41.

Giza.

Katika giza lile nilisikia kitu kimoja tu: diski ikipunguza mwendo, wiiiiuuu, kama mbu anayeondoka ameshashiba. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu 20 za tokeni kwa mwanga wa tochi, nikakosea, nikarudia. Taa zikawaka. C akaamka mzima. D naye yupo, ila hajui yeye ni nani: Windows inasema diski hii haijafomatiwa, nikuformatie?

"Bonyeza ndiyo, Shem," akasema Shemeji, pasi mkononi.

Kufomati ni kufuta. Kile kiganja chake nilikipiga kofi kabla hakijafika kwenye mausi.

Nilimpelekea fundi asubuhi, nikiwa nimebeba diski kwenye kanga kama mtoto mwenye homa. Akaweka PhotoRec, programu ya bure, inayopita diski nzima ikiokota picha na video hata kama rejista ya majina imevurugika. Sharti lake ni vinavyookolewa viende diski nyingine, nikaazima. Baada ya siku mbili vikarudi, harusi ikiwemo. Tatizo, havina majina. Folda kwa folda, f halafu tarakimu, maelfu.

Jumapili familia nzima ikakaa mbele ya kompyuta kutambua picha, Mjomba katikati na miwani yake mipya. Fundi alikuwa ameniambia jambo nikaliitikia bila kulisikia, kwamba programu ile haichagui: hata ulivyofuta zamani inavifufua.

Zai akabofya. Ikatokea picha ya risiti. Niliipiga mwenyewe siku niliyonunua simu, kwa ajili ya garantii, nikaihamishia D, nikaifuta siku hiyo hiyo nilipomaliza kumwambia mke wangu kwamba simu ni laki mbili na themanini.

"Soma hapo, Mjomba," akasema mke wangu taratibu. "Si umepata macho mapya."

Mjomba akasogea. "Laki nane... na hamsini elfu."

Feni ilikuwa inazunguka. Shemeji safari hii hakungoja nicheke kwanza.

"Baba Zai," akasema mke wangu, mkono ukiwa tayari kwenye mausi, "hii tuiweke C au D?"