Pampu Yako Haijauliwa na Mchina, Imeuliwa na Ekstensheni

Kila mota ikiungua mtaani kwetu utasikia "aah, si ya mchina hiyo", basi kesi imeisha, mtu anabeba mzoga wake hadi kwa fundi wa kusuka mota, analipia koili mpya, anarudi nyumbani kuiunga na waya uleule ulioiua. Nasema hivi coz mimi mwenyewe nimefanya.

Yangu ni pampu ya hospawa moja, inavuta maji kisimani kupeleka tenki la juu. Kisima kiko nyuma ya nyumba, kama mita 30 toka kwenye soketi, na mimi kwa ujanja wangu nikavuta ekstensheni, ile nyembamba ya kuchajia simu. Asubuhi inapiga kazi fresh kabisa. Jioni umeme unakuja mdogo, ukiwasha inaguna tu mmmmm, shafti haizunguki, ukizubaa kidogo unaanza kusikia harufu ya vanishi. Koili zikaenda, nikasuka upya, wiki ya pili inaguna tena.

Nikaambiwa kapasita, kale kakopo ka kutunza chaji kanakokaa kwenye mota. Na kweli kapasita huwa inahusika sana, maana umeme wa nyumbani ni singo fezi (laini moja tu ya moto), sumaku ya koili kubwa inabadilika huku na huku mara 50 kwa sekunde bila kuzunguka, rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inabaki inatetemeka haijui iende wapi, ndo maana wanaweka koili ya pili na kapasita ili sumaku yake ipishane kidogo na ile ya kwanza, hapo ndo inapata pa kuelekea. Nikanunua mpya, 20 mikrofaradi volti 450 kama ya zamani ilivyoandikwa (muuza duka alitaka kunipa kubwa zaidi eti ina nguvu, nikagoma, hiyo nayo inachemsha koili). Jioni, mmmmm.

Akaja mzee mmoja fundi, hakugusa hata pampu. Kachomeka mita ya kupimia volti upande wa kisimani, akaniambia washa. Namba ikaporomoka mbele ya macho yangu.

Hesabu yake iko hivi. Mota ya hospawa moja ikishakolea inakula kama ampia 5, ila ule wakati wa kuamka inaweza kuvuta mara sita, yaani ampia 30. Waya wa 0.75 (unene wake kwa milimita za mraba) mita 30 kwenda na 30 kurudi, hapo unapoteza karibu volti 40 njiani. Sasa toa 40 kwenye umeme wa jioni ambao tayari umeshuka toka 230. Na nguvu ya mota haishuki polepole na volti, inashuka kwa mraba, volti zikibaki robo tatu nguvu inabaki kama nusu, na hapo bado kuna maji ya kusukuma. Ikishindwa kuamka inaendelea kuvuta ampia zile za kuamkia hadi ijiunguze. Mchina kafanya nini hapo?

Halafu akaona plagi, akanikata jicho. Waya wa kijani na njano, yaani ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, nilikuwa nimeukata coz ekstensheni ilikuwa na nyaya mbili tu. Aisee. Bodi la chuma, sakafu imelowa, watoto wanachota maji pale pekupeku, koili ikigusa bodi siku moja hakuna cha kusikia harufu tena. Hapo sikuwa na la kujitetea, na fundi yeyote anayekwambia ethi "sio lazima" mlipe nauli arudi kwao.

Tumevuta kebo ya 2.5 yenye ethi, imetoka kwenye breka yake peke yake, breka ya ethi juu yake, ile inayokata umeme ukivuja. Kebo iliniuma bei, sitaki kusema uongo. Pampu ni ileile, na jioni inaamka mara moja. Juzi jirani kaja kuniuliza hiyo mpya nimeinunua wapi.