Kibakuli Nisichokiagiza

Mimi mtu wa Moshi, nimekulia penye mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwa hiyo nilipoambiwa pale Tokyo kwamba baada ya kazi tunakwenda kunywa, sikuona la kuuliza. Baa ni baa. Unakaa, unagonga chupa mezani, mhudumu anakuja amenuna, maisha yanaendelea.

Thubutu! Izakaya yenyewe, ndivyo wanavyoviita vilabu vyao, ilikuwa na viti vinane. Kwetu hao wanane ndio wanaosubiri kiti. Nje taa nyekundu ya karatasi, mlangoni vipande vya pazia vinaning'inia usawa wa pua yangu. Nikainama, nikapita, wahudumu wote wakanipigia ukelele: "Irasshaimase!" Nikarudi nyuma nikijua nimeingia nyumba ya watu. Mwenyeji wangu akanisukuma. Kumbe nakaribishwa.

Nikakaa, magoti yamebanwa na kaunta, begi mapajani. Nikapewa kitambaa cha moto. Nikafuta mikono, nikafuta uso, nikawa naelekea shingoni, mwenyeji wangu akaangalia dari. Cha mikono tu, bwana.

Hapo ndipo kikaja kibakuli. Kidogo kama cha kuwekea chumvi, ndani vipande vitatu vya figili na kitu cheusi cha baharini. Sikuagiza. Nikajisemea, ona ukarimu wa hawa watu! Nikala, nikashukuru mpaka nikainama. Kumbe kinaitwa otoshi na kimo kwenye bili: yen 400, kila mtu na chake. Ndiyo kodi ya kiti, nikaelezwa. Kiti chenyewe nusu yangu ilikuwa nje.

Nikataka bia. Nikagonga glasi kwenye kaunta, kama nyumbani, na mwenye baa yuko umbali wa mkono. Akashtuka kama nimemgonga yeye. Huku unaita kwa sauti, "Sumimasen!", yaani samahani. Unaomba radhi kwanza ndiyo ulewe.

Bia nayo hujimiminii. Jirani anakumiminia, nawe unammiminia. Vizuri, hata mbege tunapokezana. Ila mama alinifundisha kubakiza mbele ya mwenyeji ni dharau, kwa hiyo mimi namaliza, yeye anajaza, namaliza, anajaza. Tulipofika chupa ya nne ndipo akaniambia asiyetaka tena huiacha glasi ikiwa imejaa. Chupa ya nne!

Wakati huo mwenye baa alikuwa ananimiminia sake, pombe yao ya mchele. Glasi ameitia ndani ya kijisanduku cha mbao, anamimina, glasi inajaa, bado anamimina. Inafurika! Nikamshika mkono: "Mzee, basi, basi, hasara hiyo!" Baa nzima ikacheka. Kumbe kinachomwagikia sandukuni ni changu, nyongeza ya mapenzi. Sasa niambie, mtu huyu ana akili gani ya biashara? Figili tatu analipisha, pombe anamwaga bure.

Ukaja wali. Nikataka mikono yote miwili nishike kisanduku, basi nikavichomeka vijiti vya kulia chakula wima katikati ya bakuli. Kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akavitoa polepole, akavilaza kwenye kijiegemeo chake bila kuniangalia. Wali wa vijiti wima huandaliwa marehemu. Nilikuwa nimeanzisha matanga kwenye kaunta ya watu. Kwa aibu nikachukua kipande cha kuku nimpe mwenyeji wangu, vijiti kwa vijiti. Akavuta mkono kama ameungua: hivyo ndivyo wanavyopokezana mifupa ya maiti iliyochomwa. Nikaweka vijiti chini. Usiku ule nilishazika wawili.

Na chooni sitaki kusimulia sana. Kuna ndala za chooni tu. Nilirudi nazo mpaka kwenye kiti.

Tukalipa, fedha taslimu. Nikaona heri niwafidie, nikaacha sarafu ya yen 500 kando ya kisanduku, nikatoka zangu. Hatujafika kona nikasikia mbio nyuma. Mwenye baa! Na aproni yake, anahema, sarafu mkononi. Huku bakshishi hawapokei, alidhani nimesahau. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akainama. Nikainama. Akainama zaidi.

Nikamgeukia mwenyeji wangu: "Hebu mwambie, kama anarudisha, arudishe na ile mia nne ya figili."

Akakataa kutafsiri.