Uzinduzi wa Saa Moja Kamili

Nilistaafu jeshi nikiwa karani wa ghala, na mtu aliyehesabu viatu vya wenzake kwa miaka 20 hawezi kuamka asubuhi moja, akawasha sigiri na kuanza kuuza chapati. Hajati, jirani yangu hapa Bombo, Uganda, alianza hivyo hivyo, kwa kilo 2 za unga na kigoda kimoja, nami nilimhurumia kwa kukosa mpango. Mimi nilikuwa na daftari, na ndani yake mambo 41 ambayo ilikuwa sharti yakamilike kabla sijajitangaza kuwa tayari.

Jina la biashara lilisajiliwa, leseni ikalipiwa, muhuri ukachongwa, ingawa sikuwa nimefikiria chapati hupigwa muhuri sehemu gani. Kila nilipokaribia mwisho wa orodha, jambo jipya lilizaliwa: aproni mbili zenye jina, kitabu cha risiti, sanduku la chenji lenye kufuli, pazia la kuzuia vumbi la malori yaendayo Gulu. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza katika mwezi wa tano wa maandalizi, “Baba Watoto, chapati yenyewe ni namba ngapi?” Nilipotazama nikakuta ni namba 38.

Miezi 11 ikapita hivyo. Bombo ni mji wa Wanubi, wajukuu wa wale askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891, na kwa kuwa wengi wao ni Waislamu, Ramadhani haiwezi kuingia hapa kwa siri. Nami nilijua kwamba iko karibu, kama mpangaji ajuavyo kwamba mwisho wa mwezi uko karibu. Tena tarehe yake nilikuwa nimeiandika daftarini kwa wino mwekundu. Kosa langu ni kwamba niliinakili kutoka kalenda ya mwaka uliotangulia, nikasahau kwamba mwaka wa Kiislamu, wenye siku 354 hivi, hufuata mwezi mwandamo, na kwamba mfungo hurudi nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka.

Fundi alileta kibao, jambo la 41, Ijumaa jioni. Niliweka alama ya vema ya mwisho, nikampigia simu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ili awe mgeni rasmi kesho yake saa moja kamili asubuhi, kisha nikalala mapema. Usiku vifijo vya mtaani viliniamsha. Nilichungulia dirishani kuuliza kuna nini, na kijana mmoja akanijibu kwa furaha, “Afande, kesho tunafunga!” Nikamtakia heri, kwa kuwa nilimfahamu kuwa shabiki wa Arsenal, nikarudi kulala.

Saa kumi alfajiri nilikuwa nimekwisha kukanda kilo 10 za unga na sigiri ilikuwa imekolea. Kila nyumba ilikuwa na taa, jambo ambalo lilinigusa sana, kwa sababu sikutegemea kwamba mji mzima ungeamka kwa ajili yangu. Walianza vijana wawili wenye sahani, akafuata mwalimu wa madrasa na chupa yake ya chai, na baada ya muda mfupi watu wapatao 15 walikuwa wamepanga foleni mbele ya utepe, wakiniomba niharakishe kwa kuwa muda unakwisha. Niliwaeleza, kwa utaratibu niliojifunza ghalani, kwamba ufunguzi ni saa moja kamili na kwamba utepe haukatwi pasipo mgeni rasmi.

“Saa moja sisi tutakuwa tumeshafunga,” mzee mmoja akasema.

“Basi, mzee wangu, ninyi mtakuwa mmefunga, na mimi nitakuwa nimefungua.”

Alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akahamia kwa Hajati, na foleni yote ikamfuata. Kabla ya adhana ya alfajiri beseni la Hajati lilikuwa tupu, akalifunika na kwenda kuswali.

Mwenyekiti alifika kwa wakati, amevaa kanzu, akakata utepe na kuhutubia kwa nusu saa kuhusu wastaafu wanaojituma, mbele ya mke wangu, watoto wetu watatu na mbuzi wa Hajati. Nikamkabidhi chapati ya kwanza, iliyokunjiwa mayai mawili, nyanya na kabeji, katika sahani ya maua, jambo la 29. Aliivuta harufu yake, akashtuka, akarudisha kichwa nyuma.

“Afande,” alisema kwa upole, “mimi nimefunga.”

Maneno ya yule kijana wa dirishani yalinirudia yote kwa pamoja, na safari hii hayakuwa na mpira ndani yake. Sikuwa na la kufanya ila kufuata utaratibu: niliifunga chapati ya mwenyekiti katika karatasi, nikaandika jina lake, nikagonga muhuri juu yake, nikaiweka kando hadi jioni.

Adhana ya magharibi ilipolia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kibandani. Karatasi ilikuwa mahali pake, jina likisomeka vizuri, lakini ndani hamkuwa na kitu. Na kitinda mimba wetu, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la vumbi, alikuwa na wino wa zambarau kidevuni.