Elektroni Iingie Katika Somo la Kemia Ogani

Ninafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, na kila mwaka ninamkuta mwanafunzi anayekokotoa bila kusita tungamo la shaba linalojikusanya kwenye kathodi, yaani ncha hasi ya umeme, lakini ukimuuliza umeme huohuo unaweza kuifanya nini asetoni, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, ananyamaza. Simlaumu. Elektrolisisi, yaani kubadili kemikali kwa kupitisha umeme, ameisoma katika mada moja, kemia ogani, yaani kemia ya viwanja vya kaboni, katika mada nyingine, na hakuna aliyemwonyesha kwamba mada hizo mbili zina mlango kati yake.

Mahali pekee zinapokutana ni mmenyuko wa Kolbe, ambao kwa kawaida hupewa mistari michache kama njia mojawapo ya kutengeneza alkani, yaani haidrokaboni zisizo na bondi mbili. Hermann Kolbe alipitisha umeme katika mmumunyo wa chumvi ya asidi ya ethanoiki miaka ya 1840; kwenye anodi, yaani ncha chanya, kila ioni ya ethanoeti hupoteza elektroni moja, hutoa kaboni dayoksaidi, na vipande viwili vya methili vinavyobaki huungana kuwa ethani. Wanafunzi wetu huikariri milinganyo yake na kuendelea mbele, ingawa humo ndani mna jambo kubwa: bondi kati ya kaboni na kaboni imeundwa bila kitendanishi chochote kutoka kwenye chupa. Kilichofanya kazi ni elektroni kuondolewa.

Wazo hilo halikubaki maabara. Manuel Baizer, akiwa katika kampuni ya Monsanto nchini Marekani, aliunganisha molekuli mbili za akrilonitrili kwenye kathodi na kupata adiponitrili, malighafi ya nailoni 6,6, na mwaka 1965 kazi hiyo ilianza kufanyika kwa kiwango cha kiwanda. Kwa mwanafunzi aliyekulia katika mikoa inayopokea umeme wa maji kutoka Kihansi na Mtera, nadhani ni haki yake kujua kwamba umeme haufui chuma na kuwasha taa tu, bali hujenga pia molekuli.

Najua pingamizi la walimu wenzangu: vifaa viko wapi? Kwa mmenyuko wa Kolbe wana hoja, kwa sababu unataka anodi ya platinamu na mkondo mkali wa umeme, na ukiweka kaboni mahali pa platinamu matokeo huelekea kwingine, kwani kipande cha methili hupoteza elektroni ya pili kabla hakijapata mwenzake. Lakini iodofomu, kiwanja cha manjano kinachopatikana iodini ikimenyuka na asetoni, haitaki platinamu. Inataka vijiti viwili vya kaboni vilivyotolewa katika betri kuukuu za tochi na kusafishwa vizuri, betri ya pikipiki, ammita, iodidi ya potasiamu ambayo maabara nyingi za kidato cha sita huwa nayo kwa ajili ya majaribio ya kasi ya mmenyuko, na mililita chache za asetoni. Madirisha yafunguliwe hata kama ni Juni na baridi ya Mbeya inauma, na moto usiwepo karibu, maana asetoni hushika moto upesi na kathodi inatoa haidrojeni.

Umeme ukianza kupita, rangi ya kahawia ya iodini huonekana kando ya anodi, kisha hupotea unapokoroga, kwa kuwa ioni za haidroksidi zinazozaliwa kwenye kathodi huisaidia iodini kuishambulia asetoni. Baada ya muda mmumunyo huwa na ukungu, na chembe za manjano huanza kutua chini zikiwa na harufu ambayo wazee waliowahi kufungwa vidonda hospitalini zamani wataitambua. Hii ndiyo iodofomu ileile ambayo mwanafunzi huijua kama alama tu ya kutambua kundi fulani la alkoholi na ketoni.

Hapo ndipo penseli inapopaswa kushikwa. Kila molekuli ya iodofomu hutumia molekuli tatu za iodini, yaani elektroni sita. Mkondo wa ampia 0.5 kwa saa moja hupitisha kulombi 1,800. Ukigawanya kwa 96,500, yaani kulombi za moli moja ya elektroni, unapata karibu moli 0.0187 za elektroni, ukigawanya tena kwa sita unapata moli 0.0031 za iodofomu, ambazo ni takribani gramu 1.22. Mwanafunzi akichuja, akakausha na kupima, mizani itamwonyesha pungufu ya hapo, na atalazimika kueleza elektroni nyingine zimekwenda wapi: ni iodini iliyobaki bila kumenyuka, ni ile iliyofika kwenye kathodi ikarudi kuwa iodidi, au ni iodofomu iliyobaki imeyeyuka katika asetoni. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mada moja peke yake, na mimi ningependa lianze kuulizwa katika mtihani wa vitendo wa shule zetu muhula ujao.